Damu ya sato na maji ya bwawa: mwongozo wa kupima uharibifu wa vinasaba kwa maabara ndogo ya Dodoma

Mlinzi wa jengo letu ana swali moja la kila asubuhi: "Mwalimu, hao sato wataiva lini?" Nimeshamwambia mara nyingi kwamba hao si kitoweo, ni samaki wa kipimo. Anatikisa kichwa tu, kama mtu anayeona chakula kikiharibiwa mbele ya macho yake. Mwongozo huu sikumwandikia yeye. Nimemwandikia mwanafunzi au fundi sanifu wa maabara aliyeko Dodoma, Manyoni au Singida, mwenye hadubini ya kawaida na bajeti ya kubana, anayetaka kujua kama maji ya bwawa fulani yanaharibu vinasaba vya kiumbe anayeishi ndani yake.

Kwa nini samaki? Mashine ya kemia itakuambia kuna shaba kiasi gani na zebaki kiasi gani ndani ya maji. Haikuambii mwili unafanywa nini na mchanganyiko wote kwa pamoja. Samaki anapitisha maji hayo kwenye mashavu yake usiku na mchana, na ini lake linavunja kemikali kwa njia zinazofanana sana na za ini letu. Kuna kemikali, kama zile za moshi na mafuta yaliyoungua, ambazo zenyewe hazigusi vinasaba mpaka ini lizibadilishe kwanza. Seli zilizokuzwa kwenye chupa mara nyingi hazina uwezo huo. Samaki anao.

Halafu kuna zawadi ambayo sisi wenye pesa kidogo hatuwezi kuikataa. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, lakini za samaki zinacho. Kwa hiyo tone moja la damu ya sato ni mamilioni ya viini, tayari vimetengana kimoja kimoja, havihitaji kusagwa wala kuchujwa. Vipimo viwili nitakavyoeleza vinasimama juu ya jambo hilo: cha kuhesabu viini vidogo, yaani vipande vya kromosomu vilivyoachwa nje ya kiini kikubwa, na cha nyotamkia, kinachoonesha vinasaba vilivyokatika kama mkia wa nyota.

Hatua ya 1: Anza na kitunguu

Sitanii. Kabla hujamgusa samaki, chukua vitunguu maji, kwangua mizizi mikavu ya chini, viweke midomoni mwa vikombe vyenye maji unayoyashuku na vingine kwenye maji safi. Baada ya siku tatu au nne, mizizi ya kwenye maji mabaya huwa mifupi, wakati mwingine ya kahawia na iliyopinda. Kipimo hiki kimetumika tangu mwaka 1938, na hapa kwetu kitunguu cha Singida kinapatikana kila gulio. Mizizi ikigoma kabisa kuota, maji hayo yatamuua samaki kabla hajakufundisha chochote kuhusu vinasaba, kwa hiyo itabidi uyazimue. Kitunguu hakijibu swali la samaki, ila kinakupunguzia idadi ya samaki wa kupoteza.

Hilo la kupunguza si huruma tu. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu zinazofuatwa na maabara duniani kote: badilisha mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, punguza idadi, na punguza maumivu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na samaki ni mnyama. Peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili ya chuo mapema, na kama utavua au kuchota maji bwawani, onana na afisa uvuvi wa halmashauri na viongozi wa kijiji kabla ya kufika na madumu. Ukifika bila taarifa, utaondoka bila maji.

Hatua ya 2: Kupata samaki ambaye hajaharibiwa tayari

Chaguo langu ni sato. Anavumilia kufungiwa, anakula chochote, na wavuvi wanamjua. Kambare anastahimili zaidi na damu yake hupatikana kwa urahisi, ila anaruka nje ya tangi usiku kama huna mfuniko, na asubuhi utamkuta chini ya meza amekauka. Maabara kubwa za nje hutumia samaki mdogo mwenye mistari, zebra, lakini mdogo kiasi kile ukimtoa damu unapata chozi.

Nunua vifaranga wa ukoo mmoja kutoka kwa mfugaji mmoja, wa gramu 10 hivi kila mmoja, na umuulize maswali matatu bila aibu. Swali la kwanza ni homoni, kwa sababu wafugaji wengi huwalisha vifaranga homoni ya kiume ili wote wawe madume. Hilo si kosa, lakini lazima ulijue na uliandike. Swali la pili ni fomalini, na la tatu ni dawa ya kijani ya ukungu, malakiti. Zote mbili hutumika kuua vimelea kwenye mabwawa ya samaki, na zote mbili zinagusa vinasaba. Ukinunua samaki aliyeogeshwa malakiti wiki iliyopita, unaanza kazi na kundi ambalo limeshaharibiwa, na hutajua. Samaki wako akiugua kwako, tumia chumvi, gramu 3 hadi 5 kwa lita, na uwape wote, siyo tangi moja tu.

Wasafirishe kwenye mifuko yenye oksijeni, asubuhi au usiku. Basi la mchana kutoka Morogoro huwapika njiani. Wakifika, mifuko ielee juu ya maji ya tangi nusu saa kabla ya kufungua.

Hatua ya 3: Matangi, maji na hali ya hewa ya hapa

Fundi vioo yeyote anaweza kukutengenezea matangi ya lita 40. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha acha matangi yakauke wiki nzima, yajaze maji, yamwage, yajaze tena. Silikoni mbichi inanuka siki, na ukiinusa harufu hiyo samaki wasiingie.

Maji ya bomba yenye klorini yapige hewa kwa pampu saa 48 au uyatie thaiosalfeti ya sodiamu. Hapa Dodoma kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii: maji yetu mengi ni ya visima, magumu, yenye chumvichumvi. Na maji ya Hombolo, bwawa lililojengwa miaka ya 1950, yana chumvi kiasi cha mtu kuionja ulimini. Ukiweka kundi moja kwenye maji ya Hombolo na kundi la kulinganisha kwenye maji laini ya mvua, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya chumvi tu. Kwa hiyo nina makundi mawili ya kulinganisha kila mara: moja maji safi ya maabara, la pili maji yaleyale yaliyotiwa chumvi isiyo na madini joto mpaka kipima upitishaji umeme kisome sawa na maji ya bwawa. Kundi hilo la pili ndilo ninaloliamini. Wanafunzi huliona la ziada mpaka siku mtahini anapouliza.

Sato anataka nyuzi 25 hadi 30, oksijeni isipungue miligramu 5 kwa lita, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Mji uko kwenye mita zaidi ya elfu moja juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji ndani ya chumba yanashuka mpaka samaki wanaacha kula. Mwili ukipoa, kugawanyika kwa seli nako kunapungua, na kipimo cha viini vidogo kinategemea seli zinazogawanyika. Panga kazi yako kati ya Oktoba na Machi. Pampu ya hewa iwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika saa nane usiku hakuna atakayekupigia simu.

Wape samaki siku 14 za kuzoea. Saa 12 za mwanga, saa 12 za giza, chakula mara mbili kwa siku, uchafu ufyonzwe kila siku. Wakifa zaidi ya wachache katika siku hizo, usiendelee. Tafuta sababu kwanza.

Hatua ya 4: Makundi, na jinsi ya kuchota maji

Kanuni ya msongamano ni gramu moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Samaki wanne wa gramu 10 kwenye tangi la lita 40 wanaingia sawasawa. Kila kundi lipate matangi matatu, yaani samaki 12. Usiweke samaki 12 kwenye tangi moja ukadhani ni kitu kilekile: tangi likipata tatizo, wote wamelipata, na kitakwimu umebaki na kipimo kimoja.

Mpango wangu wa kawaida una makundi manne ya samaki 12, yaani maji safi, maji safi yenye chumvi, maji ya bwawa sehemu ya mbali na mashamba, na maji ya bwawa karibu na mfereji unaotoka mashambani, pamoja na tangi moja la samaki wanne kwa ajili ya kemikali ninayojua kwa hakika kuwa inaharibu vinasaba. Jumla ni samaki 52. Nanunua 70.

Kila kundi la maji ya bwawa linakula lita 300 kwa siku saba: lita 120 za kuanzia, na nusu ya maji kubadilishwa siku ya 2, ya 4 na ya 6. Hayo ni madumu 15 ya lita 20 kwa kila sehemu, kirikuu inabeba. Madumu yawe mapya, yaliyosuuzwa kwa maji ya bwawa lenyewe. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula au dawa halifai hata ukilisugua kwa mchanga. Yafunike, yakae gizani pakiwa na ubaridi. Siku hiyohiyo, pale pale ukingoni, pima joto, pH, oksijeni na upitishaji umeme, kisha weka lita moja kwenye chupa ya kioo cha kahawia kwa ajili ya kemia.

Kuhusu wakati: mvua za hapa huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, baada ya miezi mingi bila tone. Mvua ya kwanza inakokota kila kilichojikusanya: oili ya gereji, vumbi la barabara, dawa za ukungu kwenye mashamba ya zabibu. Dawa zenye shaba huacha shaba ambayo haiozi. Mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, inavunjika na kuacha kemikali nyingine inayotiliwa shaka zaidi kuliko yenyewe. Chota kabla ya mvua, kisha uchote tena ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ukikosa siku hizo mbili, umekosa mwaka. Kama swali lako ni la Singida, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ongeza zebaki kwenye orodha, na chukua tope la chini pia, siyo maji peke yake.

Kwa tangi la kemikali ya uhakika natumia siklofosfamaidi, dawa ya saratani, miligramu 40 kwa kilo ya uzito, kwa sindano ya tumboni siku ya kwanza. Glavu mbili, barakoa, na sindano ziende moja kwa moja kwenye boksi la hatari. Ni dawa inayoharibu vinasaba vyako pia. Kundi hili lipo kwa kazi moja: kama halioneshi uharibifu, tatizo liko kwenye mikono yako au rangi yako, siyo bwawani.

Hatua ya 5: Damu

Acha kulisha saa 24 kabla. Siku ya saba andaa usingizi kwa mafuta ya karafuu, na hapa Watanzania tumebarikiwa kwa kuwa Pemba iko hapo tu. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 9 za ethanoli, kisha tia nusu mililita ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Baada ya dakika mbili tatu samaki atalala ubavu na hatashtuka ukimbana mkia. Kipimo kiwe kilekile kwa makundi yote.

Mlaze kwenye kitambaa chenye maji. Sindano ya insulini iliyosuuzwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iingie chini ya mkia, nyuma tu ya pezi la haja, katikati kabisa, ikielekea juu mpaka uhisi ncha imegota kwenye uti. Rudisha nyuma kidogo sana, kisha vuta taratibu. Damu itapanda yenyewe. Ukivuta kwa pupa chembe zinapasuka, na utapata maji mekundu yasiyo na faida. Nimeona watu wakitumia EDTA badala ya heparini kwa sababu ndiyo iliyoko hospitalini. Kwa baadhi ya samaki EDTA inapasua chembe, kwa hiyo mimi siigusi.

Mara moja tu kwa kila samaki. Kumtoa damu mara kwa mara kunaamsha mwili utengeneze chembe mpya kwa kasi, na hapo umebadilisha kitu kilekile unachopima. Ukimaliza, mrudishe kwenye maji yenye mililita 4 za mchanganyiko wa karafuu kwa lita, na umwache humo dakika kumi nzima baada ya mashavu kuacha kusogea. Mizoga ichomwe kwenye tanuri la chuo. Isiende kwa paka, isiende kwa mlinzi.

Hatua ya 6: Slaidi ya viini vidogo

Wazo lenyewe ni jepesi. Seli inapogawanyika, kila kromosomu huvutwa upande wake. Kromosomu ikiwa imekatika, kipande kisicho na mahali pa kushikwa kinaachwa nyuma, kinajikunja peke yake na kuwa kiini kidogo pembeni ya kiini kikubwa. Samaki hana uboho kama wetu. Chembe zake hutengenezwa kwenye sehemu ya mbele ya figo, kisha zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana tunasubiri siku saba: uharibifu wa leo utaonekana kwenye damu baada ya siku kadhaa.

Weka tone dogo kwenye slaidi safi, lisukume kwa slaidi nyingine kwa pembe ya nyuzi 45, kama unavyotengeneza slaidi nyembamba ya malaria. Slaidi mbili kwa kila samaki. Zikauke hewani zikiwa zimefunikwa, maana upepo wa Agosti hapa unaleta vumbi jekundu ambalo chini ya hadubini linafanana na kila kitu. Zizamishe kwenye methanoli safi dakika 10. Zikikauka, zipake rangi ya Giemsa asilimia 10 kwa dakika 25, suuza, kausha.

Hapo kwenye Giemsa ndipo nilipoaibika. Mwaka wangu wa kwanza nilizimua rangi kwa maji ya bomba, ya kisima. Nikahesabu wiki nzima. Kundi langu la maji safi likatoa viini vidogo arobaini kwa kila seli elfu, na nikaanza kuandika sentensi nzito kuhusu uchafuzi. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maabara ya malaria alikaa kwenye hadubini yangu, akazungusha kirekebisho mbele na nyuma mara mbili, akasema, "Hivi vinang'aa, mwanangu. Kiini haking'ai." Yalikuwa mabaki ya rangi. Maji yetu magumu, yenye pH ya juu, yanaigandisha Giemsa ikawa punje za zambarau juu ya seli. Tangu siku hiyo natumia maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa yakawa maji tena, yenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike) ya pH 6.8, na rangi naichuja kabla ya kila matumizi.

Kwa hiyo kabla hujaandika alama moja, kitu unachokiona kipite maswali haya: kipenyo chake hakizidi theluthi moja ya kiini kikubwa; rangi yake ni ileile ya kiini kikubwa; kimetengana nacho kabisa, hakuna uzi unaoviunganisha; kiko ndani ya seli hiyohiyo, tena ukizungusha kirekebisho vyote viwili vinaonekana na kupotea kwa pamoja; na haking'ai. Kikishindwa swali moja, kiache. Viini vyenye umbo la ajabu, vilivyobonyea, vilivyotoa kichipukizi, viwili ndani ya seli moja, viandike kwenye safu yake. Tangu mwaka 1990 watafiti wengi huvihesabu pia, na vina maana yake, lakini usivijumlishe na viini vidogo ili namba inone.

Hatua ya 7: Kuhesabu bila kujua

Kabla ya kuhesabu, mpe mtu asiyehusika na kazi yako abandike karatasi juu ya majina ya slaidi na kuandika namba za siri, orodha aifungie kwenye bahasha. Mimi nilimpa mlinzi. Alifanya vizuri kuliko mwanafunzi, kwa sababu hakujali jibu litakuwa nini.

Lenzi ya 100 na mafuta yake. Hesabu seli 3,000 kwa kila samaki, siyo 500, maana viini vidogo ni haba: samaki mzima mara nyingi hutoa sifuri au kimoja kwa elfu. Seli zilizopandana au kupasuka zirukwe. Chukua mapumziko kila nusu saa. Jicho lililochoka huanza kuona linachokitafuta. Viini vitatu kwenye seli 3,000 ni kimoja kwa elfu. Namba hiyo moja ndiyo mchango wa samaki huyo, na wastani wa samaki wa tangi ndio mchango wa tangi. Usimpelekee mtu wa takwimu seli 36,000 kana kwamba ni watu 36,000 waliohojiwa. Namba hizi hazikai kwenye mkunjo wa kawaida, kwa hiyo linganisha makundi kwa vipimo vya kupanga safu, kama Kruskal-Wallis.

Hatua ya 8: Nyotamkia, kama una umeme wa uhakika

Kipimo hiki kilianza mwaka 1984, na toleo lake la alkali la 1988 ndilo linalotumika sana. Seli zinafungwa kwenye jeli, utando wake unayeyushwa, kisha umeme unavuta vinasaba. Vilivyo vizima vinabaki kichwani, vilivyokatika vinakimbia na kuacha mkia, kama nyota yenye mkia angani. Tofauti na viini vidogo, hapa huhitaji seli kugawanyika. Mkia unaweza kuonekana ndani ya saa chache, na unaweza pia kupungua seli ikijitengeneza. Kwa hiyo vipimo viwili vikitofautiana, si lazima kimoja kiwe kimekosea.

Zima taa kubwa, funga mapazia. Jua la Dodoma peke yake linakata vinasaba vya seli zilizoko wazi. Slaidi ipakwe kwanza agarosi (ndiyo jeli yenyewe) ya kawaida asilimia 1, ikauke. Damu iliyozimuliwa sana ichanganywe na agarosi ya kuyeyuka kwa joto dogo, asilimia 0.5 hadi 0.7, ikiwa nyuzi 37, isiyozidi. Ikigandia kwenye slaidi, iingie kwenye kimiminika cha kuyeyusha utando kwa angalau saa moja kwenye friji: chumvi moli 2.5 kwa lita, EDTA moli 0.1, Tris moli 0.01, pH 10, na siku ya matumizi Triton X-100 asilimia 1 na DMSO asilimia 10. Halafu dakika 20 kwenye soda kali ya moli 0.3 kwa lita yenye EDTA, pH juu ya 13, na dakika 20 za umeme, volti 0.7 hadi 1 kwa kila sentimita kati ya nguzo mbili, sanduku likiwa juu ya barafu. Umeme ukikatika katikati, tupa slaidi hizo. Usijaribu kuziendeleza umeme ukirudi. Suuza kwa Tris ya pH 7.5 mara tatu.

Kama huna hadubini ya mwanga wa rangi, tumia rangi yenye madini ya fedha. Hadubini ya kawaida inatosha. Panga seli 100 kwa kila samaki kwenye madaraja 0 hadi 4 kulingana na mkia, zidisha idadi ya seli za kila daraja kwa namba ya daraja lake, jumlisha: samaki ana alama kati ya 0 na 400. Ulinganisho wa uhakika hapa ni rahisi: chukua damu ya samaki wa maji safi, itie haidrojeni peroksaidi ya mikromoli 100 kwa lita, dakika tano kwenye barafu. Mikia lazima ionekane.

Mambo mawili yanadanganya. Seli inayokufa hutoa mkia mkubwa usio na kichwa hata kama vinasaba havikushambuliwa na kemikali. Angalia uhai wa seli kwa rangi ya tripani, na zikiwa hai chini ya asilimia 80 usiendelee. Pili, kemikali zinazofunga nyuzi za vinasaba pamoja, fomalini ikiwemo, na kromiamu ya aina kali, zinazuia mkia kutoka. Samaki wa fomalini ataonekana msafi kuliko wote. Umekumbuka lile swali la mfugaji?

Hatua ya 9: Kufungua bahasha

Funga hesabu zote kwanza, ndipo ufungue. Tazama kundi la siklofosfamaidi: limepanda? Tazama makundi mawili ya kulinganisha: yanafanana? Hapo tu ndipo utazame bwawa. Kama kundi la chumvi limepanda sawa na la bwawa, andika hivyo, na usilifiche nyuma ya wastani.

Wavuvi watakuuliza kitu kimoja: tule au tusile? Kipimo hiki hakijibu swali hilo. Kinasema kuna kitu majini kinachogusa vinasaba vya samaki. Usalama wa kula unataka kupimwa kwa mabaki ya kemikali kwenye nyama yenyewe, na waambie hivyo kwa Kiswahili chepesi, papo hapo, kabla maneno hayajafika sokoni Majengo yakiwa yameongezewa chumvi. Usitaje shamba la mtu.

Slaidi zako ziweke kwenye sanduku kavu, mbali na mwanga, zinadumu miaka. Zangu zile za mwaka wa kwanza, zenye punje za zambarau, bado ninazo. Kila mwanafunzi mpya namwekea moja chini ya hadubini bila kumwambia kitu. Akirudi na hesabu ya arobaini kwa elfu, tunaenda pamoja kwenye beseni la kuoshea, namwonesha bomba, na tunaanza kutengeneza bafa.